Dira ya Mwindaji

Mtu akaaye Birere, katika mji wa Goma, hana haja ya dira. Asubuhi, mawingu yakiondoka, mlima Nyiragongo waonekana upande wa kaskazini, mrefu wa meta 3,470. Akiupa mlima mgongo, Ziwa Kivu liko mbele yake, kusini. Mashariki ni Gisenyi, katika nchi ya Rwanda. Magharibi ni barabara ya Sake. Mtoto mdogo aliyetumwa chumvi hupita kati ya vibanda vya Birere, uchochoro hata uchochoro, akarudi kwa mama yake bila kuuliza njia.

Msitu wa Walikale si hivyo. Huko miti imeshikana juu kama paa la nyumba, na mtu aliye chini haoni mlima wala ziwa. Jua nalo halisaidii sana, maana nchi iko karibu na ikweta, na saa sita mchana jua husimama utosini, lisionyeshe upande wowote. Vitabu vingine vya Ulaya hufundisha kutazama majani madogo ya kijani yaotayo juu ya gome la mti, kwamba hupenda upande mmoja. Katika msitu wa Walikale huota pande zote, kwa sababu kote ni unyevu. Wambuti na wawindaji waliozaliwa humo hawapotei. Huvunja vijiti wakipita, na kila kijito wanajua kinakomwagika. Mgeni atokaye mjini huona miti tu.

Mwaka 1984 seremala mmoja wa Birere alipotea humo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano hivi, fundi mwema wa milango na vitanda, na kila kiangazi alipenda kwenda kuwinda na rafiki zake. Hawakuwinda karibu na Goma. Nyiragongo na misitu iliyouzunguka ni sehemu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na ndani yake ni marufuku kumwua mnyama. Tena sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 yataka kibali hata nje ya hifadhi. Basi walipata vibali vyao, wakapanda gari la mizigo mpaka Walikale, na safari ilikuwa ndefu.

Siku ile seremala alimfuata nungu pamoja na mbwa wake wawili. Mvua ikanyesha. Alipotaka kurudi, alikwenda mbele saa nzima, kisha akaona alama za viatu katika matope, akafurahi. Kumbe zilikuwa alama za viatu vyake mwenyewe. Alilala msituni usiku mbili. Asubuhi ya tatu alisikia wanawake wakitwanga mbali, akaifuata sauti ya kinu mpaka kijijini. Mbwa mmoja hakurudi kamwe.

Mwaka uliofuata, mpwa wake, kijana wa miaka kumi na tisa, aliomba kwenda naye. Mama yake kijana alikuwa dada ya seremala, mjane, muuza maharagwe katika soko la Birere. Mama huyu hakupiga kelele. Alimwambia kaka yake hivi:

“Ndugu yangu, mwaka jana nilikulilia siku mbili. Nina mtoto mmoja mwanamume. Akienda msituni, aende na chombo kinachojua njia. Tena nikione kwanza.”

Akafungua kitambaa kilichofungwa fundo, akatoa fedha alizozipata kwa maharagwe. Ilikuwa bei ya kuku watatu.

Siku ya Jumamosi mjomba na mpwa walikwenda sokoni. Palikuwa na mchuuzi mmoja aliyeuza vitu vilivyotoka Kampala na Nairobi: betri, kufuli, mapanga, nyembe, taa za mkono. Katikati ya meza aliweka redio yenye spika kubwa, ikiimba tangu asubuhi. Mbele ya redio palikuwa na dira tatu. Watu wa Goma wengi huita chombo hiki busole, kwa neno la Kifaransa.

Ya kwanza ilikuwa ya shaba, nzito, yenye kifuniko kama saa ya mfukoni. Kijana aliipenda mara moja. Ya pili ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti, nayo imetiwa katika mpini wa kisu. Ya tatu ilikuwa kipande bapa cha plastiki kinachopenya nuru, na katikati yake kikombe kidogo kilichojaa mafuta, na sindano ndani ya mafuta. Haikuwa na uzuri wowote. Ilifanana na kitu cha mtoto wa shule.

“Jambo, Baba,” alisema kijana. “Ipi iliyo njema?”

“Jambo, mwanangu. Tazama kwa macho yako mwenyewe. Mlima uko wapi?”

Kijana akaonyesha mlima kwa kidole. Mchuuzi akaifungua dira ya shaba, akailaza mezani. Ncha nyekundu ilielekea mlimani sawasawa. Akaisukuma meza kidogo, sindano haikutikisika. “Waona? Haitetemeki. Ni chombo cha mtu mzima.”

Kisha kijana akaishika ile ya plastiki. Sindano yake ikazunguka taratibu, ikaelekea Gisenyi. Akaenda nayo hatua mbili, ikaelekea pengine. Akarudi, ikarudi Gisenyi. Ile ndogo ya kisu ilionyesha upande wa ziwa.

Mtu angetaka nini zaidi? Moja yasema kweli, nayo imetulia. Mbili zasema uongo. Seremala alikuwa amekwisha kutia mkono mfukoni. Lakini mtu aliyelala usiku mbili katika mvua hujifunza kutokuwa na haraka. Akakumbuka mzee mmoja wa mtaani kwao, ambaye zamani aliwafanyia kazi wapimaji wa ardhi, akiwashikia mnyororo na miti ya kupimia. Akamwomba mchuuzi ampe dira zote tatu mpaka Jumapili jioni. Akaacha fedha zote za dada yake, na juu ya fedha akaweka randa yake, chombo asichomwazima mtu. Mchuuzi alikubali, ingawa kwa uso wa shaka.

Mzee mpimaji alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake. Alizitazama dira asiseme neno. Kisha akamwita mjukuu wake, akamtuma alete bakuli la udongo lenye maji, sindano ya kushonea, na kipande cha jani kavu la mgomba. Majani hayo makavu, kwa Kinyarwanda, huitwa ibirere. Akatoa sumaku ndogo, iliyovunjwa katika spika ya redio mbovu, akaisugua sindano kwayo mara nyingi kwa upande mmoja, akailaza juu ya jani, na jani juu ya maji. Jani likageuka polepole, likasimama.

“Hii ndiyo dira yote,” alisema mzee. “Mengine ni nguo tu. Sasa, kijana, okota jiwe.”

Kuokota jiwe Birere si kazi. Mji wa Goma umejengwa juu ya mawe meusi yaliyotoka mlimani yakiwa moto unaotiririka, yakapoa na kuwa magumu. Mwaka 1977 yalishuka tena, na tarehe 17 Januari 2002 yalipita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa. Kijana akaokota jiwe moja, akalisogeza karibu na bakuli. Sindano ikasogea. Akaliondoa, ikarudi.

“Jiwe hili lina chuma ndani yake,” alisema mzee, “chembe ndogo zisizoonekana. Wewe umesimama juu ya chuma, nyumba yako iko juu ya chuma, na meza ya mchuuzi pia. Tena juu ya meza kuna mapanga, na redio ambayo ndani ya spika yake mna sumaku yenye nguvu. Ninyi mmekwenda kupima mizani sokoni, na mtu amekalia sahani!”

Wote wakacheka. Mjomba akauliza, “Basi, Mzee, tukapime wapi?”

“Penye kina.”

Siku ya pili yake, baada ya Misa katika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu (ndilo lile lililoteketea katika mlipuko wa mwaka 2002), wote watatu walitelemka ziwani. Mzee alikuwa na jamaa yake, mvuvi, mwenye mtumbwi wa mti mmoja. Kabla ya kupanda aliwaamuru waweke ufukoni funguo zao, visu, na hata mshipi wa mjomba kwa ajili ya bizimu yake. Wakapiga kafi mpaka watu wa ufukoni wakaonekana wadogo kama kuku. Ziwa Kivu lina kina kikubwa sana, hata karibu na nchi kavu. Mawe meusi yalikuwa mbali chini yao, na ubavuni hapakuwa na kitu ila mbao na maji. Kaskazini mlima ulisimama wazi.

Mzee akaanza na dira ya plastiki. Akaishika kifuani, bapa. Sindano ikazunguka, ikapunguza mwendo, ikasimama ikielekea Nyiragongo. Akamwambia mvuvi ageuze mtumbwi. Mtumbwi ukageuka wote, uso wake ukaelekea Gisenyi, kisha ziwani, kisha Sake; sindano ikabaki na mlima. Kijana alifungua kinywa, kwa sababu jana aliiona dira hiyo kuwa ya uongo.

Sasa ile ya shaba. Akaifungua, akaigeuza mpaka ncha nyekundu ielekee mlimani, kama mchuuzi alivyofanya. Mtumbwi ukageuka. Sindano nayo ikageuka pamoja na mtumbwi, ikaonyesha Gisenyi, ikaonyesha ziwa, ikaonyesha Sake, nayo imetulia daima kama mtu mwenye heshima.

“Imekufa!” alisema kijana.

“Haijafa. Imekwama. Ile jana ilionyesha mlima kwa sababu mwenye kuuza aliilaza hivyo. Pengine hajui mwenyewe.” Mzee akagonga kioo kwa kucha; sindano ikaruka, ikayumba, ikakwama mahali pengine. Akaiinua karibu na jicho la kijana, amtazamishe kwa ubavuni. Upande wa kusini wa sindano ulikuwa umeinama, nao ulikwaruza sakafu ya kikombe.

Hapo mzee alieleza jambo alilolijua kwa kazi yake, na mjomba alisikiliza kuliko kijana. Nguvu ya dunia haiivuti sindano kuelekea kaskazini tu. Huivuta pia iiname. Katika Ulaya ncha ya kaskazini huinama sana. Kwa hiyo mafundi wa huko hutia uzito kidogo upande wa kusini, sindano ipate kukaa sawa. Uko mstari uzungukao dunia ambapo sindano haiinami upande wowote, na katika Afrika mstari huo wapita mbali kaskazini ya Goma, katika nchi kama Nigeria na Ethiopia. Kusini ya mstari, ncha ya kusini ndiyo huinama. Basi dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya, ikiletwa Goma, upande wake wa kusini wapata mizigo miwili: uzito wa fundi na mvuto wa nchi. Wapimaji huzungusha uzi mwembamba wa shaba juu ya sindano zao, na wakihama nchi huusogeza mpaka sindano ikae sawa. Mnunuzi wa sokoni hawezi kufanya hivyo. Lakini aweza kutazama ubavuni, kama sindano yaelea au yakwaruza, na jambo hili halihitaji elimu.

Ile ya kisu haikuwachukua muda. Ilizunguka vizuri, ikasimama vizuri, na ncha yake nyekundu ikaonyesha kusini. Redio ya mchuuzi ilikuwa imeipindua: sumaku kubwa yaweza kugeuza sindano ndogo, kichwa kikawa mkia. Dira ya namna hii ndiyo mbaya kuliko zote, maana iliyokwama hujulikana ikigeuzwa, lakini hii huenda kwa uhodari wote upande usio wake, na mwenye nayo huifuata.

Wakairudia ya plastiki. Sindano yake pia iliinama kidogo, lakini haikugusa kitu. Ndani ya mafuta mlikuwa na kiputo cha hewa kidogo kama kichwa cha kiberiti. Mjomba alitaka kuikataa kwa ajili ya kiputo hicho. Mzee akasema kiputo kidogo hakina neno, hasa mahali pa juu kama Goma. Kikiwa kikubwa hata kusukuma sindano, ndipo iachwe. Mafuta yenyewe yana faida kubwa: hutuliza sindano upesi, wakati ile isiyo na mafuta huyumba na kuyumba mpaka mwindaji achoke kungoja.

Walipofika ufukoni mzee alifanya jaribio moja tena. Akaiweka dira juu ya kafi, akaleta ufunguo karibu, sindano ikavutwa. Akauondoa ufunguo; sindano ikarudi mahali pake. Alifanya hivyo mara tatu, na mara tatu ikarudi palepale. Kisha akaokota panga la mjomba, akamfunga kijana kiunoni, akamwambia aishike dira karibu na panga. Ncha nyekundu ikalifuata panga.

“Mwindaji ni duka la chuma litembealo,” alisema. “Mkuki, panga, bunduki, mtego wa waya. Ukitaka kuiuliza dira, weka chuma chako chini, uende hatua tano, ndipo uiulize.”

Jioni walirudisha zile mbili. Mchuuzi aliwarudishia randa pamoja na chenji, kwa kuwa ya plastiki ilikuwa na bei ndogo kuliko ya shaba. Walimweleza habari ya redio. Alisikiliza, akaihamishia upande wa pili wa meza, kwenye mapanga. Ile ya shaba aliiweka tena mbele, na kusema kweli ilikuwa nzuri ya kutazama.

Mwezi wa saba walikwenda Walikale. Kambi yao ilikuwa kando ya njia moja iendayo toka kaskazini mpaka kusini, nao waliwinda upande wa magharibi ya njia. Kabla ya kuingia, mjomba alimfundisha kijana jambo ambalo wengi hulisahau. Dira haijui kambi iko wapi. Haijui kama umepotea. Yajua kaskazini tu. Mengine lazima uyajue wewe. “Tunaingia kwa magharibi,” alisema. “Ukipotea, nenda mashariki mpaka ukanyage njia. Usitafute kambi, tafuta njia. Ni ndefu, huwezi kuikosa.”

Siku ya tatu walitega nyavu, na kijana aliwekwa mwisho wa mstari. Mboloko mmoja akapenya, naye akamkimbilia mbwa aliyemfukuza. Aliposimama hakusikia tena sauti za watu. Mawingu yalikuwa mazito, na chini ya miti palikuwa na giza kama la jioni. Hakuogopa mara moja, kwa sababu alijua kwa hakika njia iko wapi: nyuma yake, ng'ambo ya mti mkubwa ulioanguka. Akatoa dira kwa desturi tu, ili imthibitishie.

Dira ilisema kinyume. Mashariki ilikuwa mbele yake.

Kijana akakumbuka panga. Akalifungua, akaliweka juu ya mti ulioanguka, akaenda hatua tano, akatazama tena. Sindano ilizunguka kidogo, ikasimama palepale. Akaitazama ubavuni: yaelea. Akageuka mwili wote, haikugeuka naye. Moyo wake ulizidi kumwambia, “Nyuma, nyuma!” Ndivyo seremala alivyoambiwa na moyo wake mwaka uliopita, akakutana na viatu vyake mwenyewe.

Alisimama hapo kwa muda mrefu. Kisha akachukua panga, akachagua mti mmoja mweupe uliokuwa mashariki, akaufikia, akaweka panga chini, akatazama dira, akachagua mti mwingine. Hivyo mti kwa mti. Mara mbili alivuka kijito asichokikumbuka, na kila mara alitaka kurudi. Jua lilipokuwa karibu kuchwa alikanyaga udongo mgumu. Ilikuwa njia. Kambi haikuonekana, wala hakujua iko juu au chini. Lakini alisikia filimbi ya mjomba upande wa kusini, akaenda.

Mjomba hakumkaripia. Aliuliza tu, “Umetokea wapi?” Na alipojibiwa, akamtilia chakula.

Walipofika Birere, mama aliomba kuiona dira kabla ya kuuliza habari ya nyama. Aliigeuza mkononi, akaitazama ubavuni kama alivyofundishwa. Kijana akataka kuitundika ukutani, katika msumari palipotundikwa kofia ya marehemu baba yake.

“Msumari ni chuma,” alisema mama. Akamwita kaka yake atoboe tundu ukutani, apigilie kigingi cha mti.